Rimu Mpya kwa Nati za Zamani

Pita kwenye maegesho yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi utaona jinsi wenye magari walivyosomeshwa na wezi. Vioo vya pembeni vimechongwa namba ya gari, taa zimepigwa riveti, na gari likivishwa spoti rimu, kepu ya katikati hubandikwa gundi siku hiyohiyo na nati moja ya kila gurudumu hugeuzwa kuwa nati ya kufuli. Yote hayo yana sababu zake. Lakini muulize mwenye gari hilo nati nyingine zilizobaki ni za aina gani, zilitoka wapi, zimekazwa kwa nguvu kiasi gani, na jibu litakuwa moja: fundi anajua. Fundi naye, mara nyingi, alichofanya ni kuokota nati zilizofunguliwa kwenye rimu za zamani na kuzirudisha kwenye rimu mpya. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Rimu ikibadilishwa, kitu cha kwanza kufikiriwa ni nati, na mwizi ni wa mwisho kabisa kati ya wale wanaoweza kuling'oa gurudumu barabarani.

Tuanze na kile kinacholishika gurudumu, maana hapo ndipo mawazo mengi yanapopotoka. Ukitazama boliti zilizochomoza kwenye habu na rimu iliyopachikwa juu yake, ni rahisi kuamini kwamba gurudumu linaning'inia hapo kama koti kwenye msumari. Lingekuwa linaning'inia hivyo, boliti zisingekaa muda zingekatika. Kazi ya boliti hizo, au stadi kama zinavyoitwa gereji, ni kuvutwa. Nati inapokazwa, stadi hurefuka kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa jicho, na kwa kuwa chuma hunyumbuka kama springi, hutaka kurudi kwenye urefu wake. Mvuto huo ndio unaoigandamiza rimu kwenye uso wa habu, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito wa gari, breki na kona. Chukua Toyota IST, ambayo nati zake hutakiwa kukazwa kwa nyutonimita 103. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, stadi ya milimita 12 yenye hesi kavu ikikazwa hivyo hubana kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 4 na ushei. Stadi 4 zinatoa tani 17 hivi kwenye gurudumu moja, la gari ambalo lenyewe zima halifiki tani moja na nusu.

Ziada hiyo si ubadhirifu. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha utafiti uliobadilisha namna watu wanavyoelewa nati inayojifungua. Alionyesha kwamba adui mkubwa ni kuteleza kwa pembeni kwa vipande vilivyobanwa pamoja. Vikiteleza hata sehemu ndogo ya milimita, tena na tena, nati huanza kurudi nyuma yenyewe bila kuguswa na mtu. Mbano ukitosha, vipande havitelezi, na visipoteleza nati haina sababu ya kuzunguka. Ndiyo maana washa ya springi, ambayo wapo wanaoiongeza kwa nia njema, haina msaada kwenye gurudumu: katika majaribio ya aina ya yale ya Junker washa hiyo imeshindwa mara nyingi kuzuia nati kufunguka. Kinachoishika nati ni mbano wenyewe, na mbano ndio unaoharibika kimyakimya rimu ngeni inapofungwa kwa nati zisizo zake.

Unaharibikaje? Angalia mahali nati inapokalia kwenye rimu, tupaite kitako. Rimu nyingi za aloi zinazotoka na Toyota kiwandani hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa: shingo huzama ndani ya tundu, washa hukaa juu yake. Honda hutumia nati yenye tumbo la mviringo, kama gololi iliyokatwa nusu. Rimu za madukani, zile ambazo hazikutengenezwa na kiwanda cha gari, karibu zote hutaka nati yenye ncha ya koni ya digrii 60. Sasa weka nati ya Honda kwenye tundu la koni. Gololi ndani ya faneli hugusa kwenye mstari mwembamba wa duara, basi. Spana itakataa kuzunguka kama kawaida, fundi ataridhika, gari litashushwa jeki. Lakini nguvu ile ya tani 4 sasa inabebwa na uzi mmoja wa aluminiamu badala ya uso mzima wa koni, na aluminiamu ni laini. Itakandamizika. Kadiri inavyozama, stadi hulegea kwa sehemu ndogo ya milimita, na kwa kuwa kurefuka kwake kote kulikuwa ni sehemu ndogo ya milimita, mbano mwingi umekwisha kupotea huku nati ikiwa bado mahali pake, inang'aa. Ukiifungua rimu ya namna hiyo utaona pete inayometa kuzunguka tundu, na wakati mwingine ungaunga wa aluminiamu kwenye ncha ya nati. Nati ya Toyota yenye washa bapa kwenye tundu la koni hufanya mabaya yaleyale kwa njia yake: washa hukaa kwenye ukingo wa koni na hakuna kinachoiweka rimu katikati. Wenye Volkswagen na Mercedes, ambazo hutumia boliti za kuingiza badala ya stadi, wana jambo jingine la kuangalia, nalo ni urefu. Rimu nene hutaka boliti ndefu zaidi, na ndefu kupita kiasi inaweza kugonga vyombo vya breki vilivyo nyuma yake.

Baada ya kitako huja hesi, na hapa mfano mmoja wa magari tunayoyaona kila siku unatosha. Toyota Premio na Allion za 2001 hadi 2007 zina stadi 5 zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Subaru Forester ya miaka hiyo nayo ina stadi 5 kwenye duara la milimita 100. Kwa macho, na kwa mdomo wa muuzaji, hiyo ni rimu moja. Sivyo. Kitovu cha habu ya Premio kina upana wa milimita 54.1, cha Subaru 56.1, kwa hiyo rimu ya Premio haiingii kwenye Subaru hata ukiigonga kwa nyundo, na rimu ya Subaru huingia kwenye Premio ikibakiza pengo la milimita 2. Hilo la kwanza halina hatari kwa kuwa linajikataa lenyewe. Hatari ni la pili, hasa rimu ikiuzwa pamoja na nati zake. Stadi za Toyota hizo zina unene wa milimita 12 na hesi zenye hatua, yaani umbali kati ya hesi moja na inayofuata, ya milimita 1.5, za Subaru zina unene uleule lakini hatua ni 1.25. Nati ya Subaru kwenye stadi ya Premio huzunguka mara moja au mbili kwa vidole, kisha hugoma. Anayeisikiliza nati atasimama hapo. Mwenye spana ya upepo hatasikia kitu, maana mashine italazimisha, hesi za stadi zitakatwa upya, na nati itaonekana imekaza kumbe imejichimbia. Kanuni ya zamani haijapitwa na wakati: nati ianze kwa vidole na iende kwa vidole hadi iguse rimu, na iingie kwenye stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Kwa milimita 12 yenye hatua ya 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa hatua ya 1.25 ni karibu 10. Rimu nene ya dukani, au spesa iliyosukumwa katikati ili tairi litoke nje ya bodi, hula mizunguko hiyo.

Kuhusu lile pengo la katikati kuna ubishi ambao si wa kupuuza. Rimu za madukani hutobolewa kwa upana mkubwa katikati, mara nyingi milimita 73.1, ili zikubali magari ya aina nyingi, na pengo linalobaki huzibwa kwa ringi ya plastiki au aluminiamu. Wapo mafundi wanaosema ringi hiyo ni biashara tu: nati za koni huiweka rimu katikati zenyewe, na uzito wa gari hubebwa na mbano. Kwa fizikia wako sahihi. Ringi haibebi gari, na rimu iliyokazwa vizuri kwa nati za koni inaweza kwenda salama bila hiyo. Lakini usahihi wao unategemea sharti ambalo halitimizwi mara nyingi, nalo ni kwamba nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, gurudumu likiwa limeinuliwa, kidogokidogo hadi rimu ikae sawa. Nati ya kwanza ikikazwa yote kwa mpigo, rimu husogea upande na kubanwa hapohapo. Usukani utatetemeka, mwenye gari ataambiwa akafanye balansi, na balansi haitamsaidia. Ringi inaziba mlango huo, nayo haina gharama ya kuumiza.

Nguvu ya kukaza ndiyo sehemu ambayo hofu ya wizi imeiharibu zaidi. Imani iliyoenea ni kwamba kadiri nati inavyokazwa ndivyo inavyokuwa salama, kwa barabara na kwa mwizi. Tupige hesabu. Nyutonimita 103 ni sawa na kubonyeza kilo 35 kwenye mwisho wa mpini wa sentimita 30. Ni nguvu ya mkono mmoja wa mtu mzima, bila kutoa ulimi. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya mpini huo anakaza kwa nyutonimita 220, zaidi ya maradufu. Akichomeka bomba mpini ukafika sentimita 60, amefikia 440. Stadi iliyovutwa hivyo hupita mpaka wa kunyumbuka kwake, na chuma kikishapita mpaka huo hakirudi: kimerefuka moja kwa moja, kama lastiki ya suruali iliyochoka. Inaweza kukatika palepale, inaweza pia kungoja, na huko kungoja ndiko kubaya zaidi. Diski ya breki nayo huweza kupinda ikiwa nati moja imebana mara tatu ya jirani yake. Ongeza grisi kwenye hesi, kama wafanyavyo wengi ili nati isishike kutu, na hesabu inaharibika zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya mkono, karibu asilimia 90, huishia kwenye msuguano. Msuguano ukipunguzwa, spana ileile kwa nguvu ileile huweza kuongeza mvuto kwa theluthi au zaidi. Vipimo vya watengenezaji huwekwa kwa hesi safi na kavu, isipokuwa waseme vingine.

Kwenye kukaza kupungufu, mtuhumiwa asiyetajwa ni rangi. Siku hizi rimu za mtumba hupigwa rangi nyeusi au ya dhahabu kabla ya kuuzwa, na mpiga rangi asiyejua hupuliza kila mahali: mgongoni panapokutana na habu, na ndani ya vitako vya nati. Rangi mpya ni kitu kinachobonyea. Hukandamizwa, hupasuka, hutoka kwa joto la breki, na kila unene inaoupoteza ni mbano uliopotea. Kutu na udongo mkavu kwenye uso wa habu hufanya vivyo hivyo. Brashi ya waya kwa dakika moja ina thamani kuliko nati za rangi za aina yoyote.

Pingamizi la kawaida kuliko yote ni la uzoefu: gari limetembea miaka mitano na nati hizohizo, mbona halijaanguka? Jibu lake ni kwamba stadi iliyolegea haikatiki kwa sababu ya jana, inakatika kwa jumla. Tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, ni mizunguko 95,000, na katika kila mzunguko stadi isiyobanwa inavyopaswa hupinda na kunyooka kidogo. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa hukatika bila kuvutwa na mtu. Zaidi ya hayo, gurudumu lenye nati 5 linaweza kuendelea kwa 4 kwa muda, likimpa mwenye gari ushahidi wa uongo kwamba yote ni mema. Dalili zipo kwa anayetazama: michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kama miale, mlio wa kugongagonga mwendo ukiwa mdogo, rangi iliyosuguliwa kuzunguka tundu. Malori na mabasi mengi ya Ulaya huvishwa vishale vya plastiki vya njano kwenye kila nati, vikitazamana viwiliviwili, ili nati ikisogea hata kidogo kishale kionekane kimepinda. Na katika jimbo la Ontario, Kanada, baada ya watu kuuawa na magurudumu yaliyochomoka kwenye malori, sheria ya 1997 iliweka faini ya hadi dola 50,000 kwa mwenye lori, bila kumruhusu kujitetea kwamba alikuwa mwangalifu. Walioandika sheria hiyo waliamua kwamba kuchomoka kwa gurudumu si ajali, ni matunzo.

Na mwizi je? Hafutiki kwa fizikia. Rimu nzuri huibwa, na nati ya kufuli, moja kwa kila gurudumu, ina maana: humchelewesha anayetaka kumaliza kazi kwa dakika chache. Zaidi ya kumchelewesha haina ahadi, kwa kuwa soketi iliyogongwa kwa nyundo juu ya nati ya kufuli ya bei rahisi huifungua. Kukaza kupita kiasi hakumzuii kabisa, maana mpini mrefu anao yeye pia. Anayeteseka ni mwenye gari. Kuna zile nati nyembamba zenye mifereji, zilizotengenezwa kwa rimu zenye matundu yasiyopitisha soketi ya kawaida. Zinataka ufunguo wake. Pancha ikitokea usiku kati ya Chalinze na Mlandizi, na ufunguo umebaki kwenye droo ya fundi aliyefunga rimu, spana ya gari haina kazi na tairi la akiba ni mzigo tu. Tairi hilo la akiba lenyewe mara nyingi liko kwenye rimu ya chuma, ambayo inaweza kutaka nati tofauti na zilizo kwenye rimu mpya. Ni busara kujaribu nyumbani, mchana, kama nati ulizonazo zinakaa juu yake.

Inabaki kepu ya katikati. Rimu za kale za magari ya mbio zilishikwa na nati moja kubwa katikati, iliyogongwa kwa nyundo, na magari ya Formula 1 hadi leo hufunga gurudumu zima kwa nati moja. Kepu zinazoiga sura ya nati hiyo zinaonyesha nguvu zisizo nazo. Rolls-Royce wameifanya kepu hadi herufi zake zisimame wima gurudumu likizunguka, jambo ambalo ni zuri kulitazama na halina faida nyingine. Kazi halisi ya kepu kwenye magari mengi ya kisasa ni ndogo: kuzuia vumbi na maji yasikae kwenye nati ya ekseli na kitovu cha habu, ili rimu isigandwe na kutu. Kepu hushikwa na meno ya plastiki, yakisukumwa nje na ringi nyembamba ya waya. Ikidondoka, kwa kawaida ni kwa sababu ringi hiyo imepotea au imelegea, au meno yamelainishwa na joto la breki, au kepu si ya kipimo cha rimu. Vipimo ni viwili, upana wa uso na upana wa meno nyuma, na muuzaji anayepima uso peke yake amepima nusu. Nyingine huingizwa kutoka nyuma ya rimu kabla haijafungwa kwenye gari, na hizo ndizo ngumu zaidi kuibwa. Kwa zinazosukumwa kutoka mbele, waya ukiwa mzima na kiti chake kikisafishwa, matone matatu ya silikoni yanatosha. Zitatoka kwa kisu cha plastiki siku zikihitajika. Gundi kali ya kukauka papo hapo ni kosa, na ni kosa kubwa zaidi kwenye rimu ambazo kepu hufunika nati, kwa sababu hapo umefunga mlango ambao lazima ufunguliwe kila tairi linapotolewa.

Watasema nati sahihi, ringi na spana ya kupimia nguvu ni gharama juu ya gharama. Kwa anayenunua seti ya rimu, nati ni sehemu ndogo ya bei, na gereji moja ikiwa na spana ya kupimia inatosha mtaa mzima. Asiye na spana hiyo ana mzani wa kuning'iniza na mpini wa sentimita 30. Kilo 35 si siri. Basi ukivisha gari rimu mpya, fanya hili: tembea kilomita 50 hadi 100, acha magurudumu yapoe, kisha kaza kila nati tena kwa kipimo kilekile. Zikisogea kidogo mara hiyo ya kwanza, ni kawaida, rimu ilikuwa inajikalisha. Zikisogea tena mara ya pili, usizikaze ukaondoka. Fungua rimu utazame kitako.